Je, Wajua? Gundi ya Ubongo Ina Pingili Kama Mua

Je, wajua kwamba protini mojawapo kubwa ya kushikanisha seli za neva ilijulikana kwa sababu jaribio lililozoeleka Japani liligoma Marekani? Miaka ya 1970 Masatoshi Takeichi, mtafiti kutoka Kyoto, alikwenda kufanya kazi katika maabara ya Taasisi ya Carnegie mjini Baltimore. Kwao alizoea kutenganisha seli kwa kimeng'enya cha tripsini, kisha kuzikoroga taratibu na kuziona zikirudi kushikana zenyewe. Baltimore alifuata hatua zilezile, seli zikabaki zinaelea moja moja. Kumbe tripsini ya huko ilichanganywa na kemikali inayonasa kalsiamu. Mwingine angebadilisha chupa tu akaendelea na kazi. Takeichi aliuliza kalsiamu inahusikaje, akagundua kwamba kwenye uso wa seli kuna protini ambayo kalsiamu huilinda isikatwe; ikinyang'anywa kalsiamu, tripsini huikatakata na seli hukosa cha kushikia. Alichapisha matokeo 1977, na 1984 protini hiyo ikapewa jina kadherini. Ile iliyojaa kwenye neva huitwa N-kadherini.

Umbo lake? Fikiria mua. Sehemu inayotokeza nje ya seli ina pingili 5, kila moja ikiwa na asidi amino zipatazo 110. Kati ya pingili na pingili kuna kifundo, na katika kila kifundo hukaa ayoni 3 za kalsiamu. Vifundo ni 4, basi jumla ni ayoni 12. Zikiwapo, mua hukakamaa, umepinda kidogo kama upinde. Zikiondoka, hulegea kama kamba iliyolowa, na hapo ndipo tripsini hupata pa kuuma.

Kushikana kwenyewe hufanywa na pingili ya ncha, ile iliyo mbali zaidi na seli. Humo mna asidi amino iitwayo triptofani, ya pili tangu mwanzo wa mnyororo. Kadherini za seli mbili zikikutana, kila moja huchomeka triptofani yake katika kishimo cha mwenzake. Nipe nikupe, kwa wakati mmoja. Mwaka 1995 Lawrence Shapiro na wenzake, mjini New York, walionyesha mabadilishano hayo kwa kupiga eksirei fuwele za pingili hiyo moja. Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba mshiko wa jozi moja ni dhaifu mno. Nguvu hutoka kwenye wingi, kama nyuzi za katani ndani ya kamba. Na udhaifu wa kila uzi una faida yake, kwa kuwa neva inayokua lazima iweze kushika, kuachia, kisha kusonga mbele.

Je, wajua kwamba kiinitete hupaka neva zake utelezi? Protini iitwayo NCAM, iliyogunduliwa katika maabara ya Gerald Edelman, huvikwa minyororo mirefu ya sukari inayozuia seli zisigandamane mapema. Ukubwani sukari hiyo hupungua sana katika sehemu nyingi za ubongo.

Na sumu ya buibui aitwaye mjane mweusi ndiyo iliyomfikisha Thomas Südhof na wenzake, mwaka 1992, kwenye neureksini, protini ambayo sumu hiyo huing'ang'ania. Neureksini husimama upande mmoja wa sinapsi, yaani makutano ya neva mbili, na kushikana na neurolijini ya upande wa pili, kuvuka mwanya wa nanomita 20 hivi. Mwaka 2003 mabadiliko katika jeni mbili za neurolijini yaliripotiwa kwa ndugu wenye usonji.

Waarabu wa Pemba hujuana kwa vilemba, na nzi wa matunda ana vilemba vya kutosha. Jeni yake moja, Dscam1, ina sehemu nne za kuchagua, zenye chaguo 12, 48, 33 na 2. Zidisha: maumbo 38,016 ya protini, ilhali jeni zote za nzi huyo ni kama 14,000 tu! Karibu kila umbo hushikana na la aina yake pekee. Lakini hapa kutambuana huzaa kuachana: matawi ya neva moja yakigusana hujijua kuwa ni ya shina moja, yakasukumana, kila tawi likatafuta eneo lake.

Dscam ya binadamu haina wingi huo. Sisi hutumia jeni zaidi ya 50 za protokadherini, jamaa wa kadherini wenye pingili 6, na kila neva huchanganya chache za kwake. Mwaka 2012 watafiti waliondoa kundi moja la jeni hizo kwenye seli fulani za retina ya panya. Matawi ambayo kwa kawaida huchanua pande zote kama mwavuli yalirudi kuangukiana, yakapitana na kubanana, yasijue tena kwamba yalikuwa ya seli moja.