Waya ya fedha itabadilisha sauti ya kwaya?

Tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango Januari 2025, sadaka inahesabiwa noti kwa noti. Ndiyo maana swali la kamati za vyombo si dogo: tununue waya za shaba za kawaida, ao zile za bei kali zinazosifiwa kuwa na fedha ao dhahabu?

Fedha inapita shaba kwa kupitisha umeme, lakini kwa asilimia 6 hivi tu. Dhahabu iko hata chini ya shaba. Kazi yake ni kuzuia kutu kwenye ncha. Unene na urefu ndivyo vinavyohesabika. (Ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba, muiangalie: inazuia umeme zaidi, nayo hukatika upesi.)

Mnaweza kupima wenyewe, wapendwa. Pigeni wimbo uleule kwa nguvu ileile, kwa sababu sikio hupenda sauti iliyo juu kidogo. Mtu mmoja abadilishe waya nyuma ya pazia, akifuata kura ya vikaratasi. Asionekane, maana uso nao husema. Kila msikilizaji aandike A ao B, peke yake, mara 10. Anayebahatisha atapata 5 hivi. Kufikia 9 ao 10 kwa bahati hutokea kama mara moja katika 100.

Kama hakuna anayefika hapo, pesa ziende kulehemu upya ncha za waya za mikro. Hizo ndizo zinazokata mahubiri katikati.