Seva Ikizima Garissa, Usikimbilie Kulaumu Stima

Seva ikizima ghafla Garissa, wa kwanza kulaumiwa ni stima, wa pili joto. Shaka hiyo ina msingi. Lakini stima ikikatika, mashine huzimika bila kuaga; ikiangushwa na programu, kwa kawaida huacha maandishi.

Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute tukio namba 41. Lenyewe linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Ingia ndani yake uangalie BugcheckCode. Ikiwa ni 0, shuku umeme, au mtu aliyebonyeza swichi mashine ilipoganda. Ikiwa ni namba nyingine, mfumo wenyewe ulianguka. Nenda C:\Windows\Minidump, fungua faili ya siku hiyo kwa WinDbg, andika !analyze -v. Mara nyingi utaoneshwa draiva inayoshukiwa, jina lake likiishia na .sys.

Usishangae ikiwa ni ya programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali. Huku hatuziepuki: Nairobi ni kilomita zipatazo 370, Mandera ndiyo usiseme, na fundi hapandi basi kwa sababu mtu kasahau nenosiri. Matoleo ya zamani ya UltraVNC yaliweza kuwekewa draiva ya kunakili skrini, nayo hukaa ndani kabisa ya mfumo, ambako kosa moja huangusha mashine nzima. Kuanzia Windows 8, Microsoft ilizibana draiva za namna hiyo. Server 2008 R2, ambayo bado naikuta maofisini ingawa msaada wake wa kawaida ulikoma Januari 2020, haina kizuizi hicho.

Seva hiyo kuukuu ina hatari nyingine. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu la Remote Desktop lililoitwa BlueKeep. Novemba, mtafiti Kevin Beaumont aliona kompyuta zake za mtego zikianguka: wavamizi walikuwa wakijaribu tundu hilo, na jaribio likienda mrama, skrini inageuka buluu. Weka kiraka, funga mlango 3389 kwenye ruta, fundi apitie VPN.

Tukirudi kwa draiva ile ya skrini, huweza kubaki hata programu yake ikiondolewa. Ing'oe kupitia Device Manager. Ikikataa, tumia Safe Mode. Ila humo huenda usiweze kuunganishwa kutoka mbali, kwa hiyo kwanza piga simu Garissa ujue nani ana ufunguo wa chumba cha seva.