Mswada wa utafiti usiutume kwa pupa

WEWE mwanafunzi wa udaktari unayeishi Gataka, Kajiado, huenda umekesha siku nyingi ukikusanya matokeo ya utafiti wako. Sasa una hamu ya kuyaona jaridani. Ngoja kidogo, haraka haraka haina baraka.

Mwaka wa 1958 Dkt Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha katika jarida la British Journal of Surgery makala kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Alieleza kwa makini aliyoyaona. Wengine wakaendelea alipoachia, na mwaka wa 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza kuwa wameona virusi ndani ya seli za uvimbe huo.

Nawe andika hivyo. Eleza kwa nini ulifanya utafiti, jinsi ulivyoufanya, ulichopata na maana yake. Hesabu za kwenye majedwali zilingane na za kwenye maelezo. Taja kibali cha kamati ya maadili na ufiche majina ya wagonjwa. Soma masharti ya jarida kwanza, na usipeleke mswada mmoja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Asiyeshiriki kazi hiyo asitajwe kuwa mwandishi, hata akiwa mkubwa wako.

Mama aliyekubali kutolewa damu kwa ajili ya utafiti wako huenda asilione jarida hilo kamwe. Lakini daktari atakayemtibu mwanawe huenda akalitegemea. Usimpotoshe.