Chanjo ya Mbwa: Faida Zake na Hatari Zake (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza namna virusi vya kichaa cha mbwa vinavyoingia mwilini kupitia mate ya mnyama anayeng'ata, vikafuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na kwamba dalili zikishajitokeza, awe ni mtu au mnyama, kupona ni jambo la nadra mno. Sehemu hii inaigeukia chanjo yenyewe, kwa kuwa mfugaji anayehimizwa kumpeleka mbwa wake kuchanjwa husikia pia maneno ya pembeni kwamba sindano hiyo humdhoofisha mbwa, au hata humwua. Mengi ya maneno hayo hayana msingi, lakini si yote ya kupuuzwa, na njia ya kuyapambanua ni kufahamu kwanza kilichomo ndani ya kichupa.

Chanjo ni kijidudu cha ugonjwa kilichoondolewa makali, au kipande chake, kinachoingizwa mwilini ili mwili ukitambue na kutengeneza kingamwili, yaani protini za damu zitakazokikabili kijidudu hicho kikija na nguvu zake zote. Louis Pasteur alipomtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, mjini Paris mwezi Julai 1885, alitumia uti wa mgongo wa sungura wagonjwa uliokaushwa hadi makali ya ugonjwa yakafifia. Chanjo ya kichaa wanayodungwa mbwa siku hizi kwa kawaida ni mfu: virusi vyake vimeuawa kwa kemikali, haviwezi kuzaana, na kwa hiyo haiwezekani mbwa akapata kichaa kutokana na sindano hiyo. Chanjo za distempa, ambao ni ugonjwa wa mapafu, tumbo na ubongo unaosababishwa na kirusi cha jamii ya surua, na za parvo, ugonjwa wa kuhara damu uliozuka duniani mwaka 1978, aghalabu ni chanjo hai iliyodhoofishwa. Hiyo huja ikiwa kitonge kikavu chini ya kichupa, huchanganywa na maji yake wakati wa kudunga, na ikishachanganywa haingoji.

Faida ya chanjo ya kichaa haiwezi kupimwa kwa mbwa mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba katika kila wagonjwa 100 karibu 99 waliambukizwa na mbwa. Kirusi chenyewe si hodari wa kuenea: tafiti zilizofanywa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, kwa kufuatilia nani alimng'ata nani, zilionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, wenzake wasiofika wawili. Ndiyo sababu wataalamu husema kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia. Kiwango hicho kimewekwa juu makusudi, kwa maana mbwa wa vijijini huzaliwa na kufa upesi, na kinga iliyopatikana siku ya kampeni hupungua mwezi hadi mwezi kadiri watoto wa mbwa wasiochanjwa wanavyoongezeka. Kuua mbwa, njia inayopendwa na baadhi ya halmashauri kwa kuwa inaonekana ya haraka, hakufikii matokeo hayo. Katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia mbwa wengi mno waliuawa baada ya kichaa kuingia mwaka 1997, na ugonjwa ukabaki.

Pemba ni mfano ulio karibu zaidi. Kampeni za kuchanja mbwa zilipofanywa kisiwani humo tangu mwaka 2010 kichaa kilitoweka mwaka 2014, chanjo ikalegea, kisha mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa upya kutoka nje, na haukuondoka hadi Oktoba 2018 baada ya kampeni kuimarishwa. Kisiwa chenye bahari pande zote kilihitaji kufukuza ugonjwa mara mbili, jambo linaloonyesha jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu zaidi bara, ambako mbwa hufuatana na mifugo na wenyewe kutoka wilaya hadi wilaya.

Upande wa madhara, lililo la kawaida ni mbwa kusinzia, kukosa hamu ya kula kwa siku moja au mbili, na kuvimba kidogo mahali alipodungwa. La kuogopwa ni mzio, yaani mwili kuchachamaa dhidi ya kitu kilichomo kwenye chanjo: ndani ya dakika chache au saa chache uso huvimba kuzunguka macho na midomo, vipele hutokeza, mbwa hutapika, na mara chache sana huanguka na kuzirai. Daktari wa mifugo mwenye adrenalini mkononi huweza kumwokoa, na kwa sababu hiyo si vibaya mbwa akabaki kituoni kwa muda kabla ya kurudishwa nyumbani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, uliohusu mbwa zaidi ya milioni 1.2, ulikuta madhara ya namna mbalimbali kwa mbwa 38 hivi katika kila 10,000 waliochanjwa, ndani ya siku tatu za kudungwa. Mbwa wadogo wa mwili ndio walioathirika zaidi, na hatari ilipanda kadiri chanjo zilivyoongezwa katika ziara moja. Kwa mwenye kijibwa chepesi, basi, kuomba chanjo zigawanywe katika ziara mbili ni ombi la busara.

Hata hivyo hatari inayostahili kuogopwa zaidi haizungumzwi sana, nayo ni chanjo isiyofanya kazi huku mwenye mbwa akiamini imefanya. Mtoto wa mbwa hupata kingamwili za mama yake kwa kunyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza, na kingamwili hizo huizima chanjo hai kabla haijaufundisha mwili. Ndiyo maana chanjo za distempa na parvo hurudiwa kila baada ya wiki chache, na dozi ya mwisho ya utotoni hutolewa mtoto akiwa na wiki 16 au zaidi. Anayeishia kwenye dozi moja ya wiki ya 6 amenunua kadi ya chanjo tu. Kwa kichaa hali ni nafuu, kwani uchunguzi uliofanywa Tanzania na Afrika Kusini ulionyesha kwamba hata watoto wa chini ya miezi mitatu huitikia chanjo vya kutosha, na kuwarudisha nyumbani siku ya kampeni ni kosa.

Tukio zito la chanjo kushindwa kufanya kazi lilitokea Mkomazi, kaskazini mwa Tanzania. Mbwa mwitu, ambao ni spishi nyingine na si mbwa wa nyumbani walioasi, huweza kuugua distempa kutokana na chanjo hai yenyewe, kwa hiyo waliokuwa wakizalishwa kambini huko walipewa chanjo mfu. Kati ya Desemba 2000 na Februari 2001 distempa iliingia kambini na kuwaua 49 kati ya 52. Chanjo iliyochaguliwa kwa usalama wake haikuwa na nguvu ya kutosha.

Serengeti nako, distempa ya mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba, na mbwa wa vijijini wakashukiwa kuwa chanzo. Miaka iliyofuata mbwa wengi wanaoizunguka hifadhi walichanjwa. Ugonjwa ulipungua kwa mbwa, lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba uliendelea kuwafikia simba, ishara kwamba wanyamapori wengine nao huuhifadhi. Namna chanjo inavyotunzwa dhidi ya joto hadi kufika vijiji hivyo, na nani anayelipia, ndiyo mada ya sehemu ya tatu.