Bomba Likigonga Krosimemba

Pikapu inapanda kuelekea vilima vya Mua au Iveti na mzigo mgongoni, dereva anasikia chuma kikigonga chuma chini ya miguu yake. Mara nyingi ni bomba la egzosi linalogusa krosimemba, ile boriti inayovuka kati ya mbavu mbili za chesisi na kubeba mkia wa giaboksi. Tatizo hili utalikuta sana kwenye magari yaliyobadilishwa injini (mabadiliko ambayo lazima yaandikishwe kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama), au pale bomba nene kuliko la awali lilipochomelewa kwa kukadiria kwa macho.

Naomba sana fundi asianze na grinda. Aanze na raba ya maunti, ile giaboksi inayokalia juu ya krosimemba. Raba ikilowa oili au ikizeeka hulala, giaboksi ikashuka nayo, na bomba lililokaa salama miaka mingi likaanza kugusa. Weka jeki chini ya giaboksi, ukitanguliza kipande cha mbao, uinue kidogo. Nafasi ikirudi, na raba imepasuka, nunua raba mpya na kazi imekwisha.

Raba ikiwa nzima, sogeza krosimemba. Kwenye pikapu zenye chesisi, kama Hilux, hufungwa kwa bolti. Bomba likipita juu yake, unaweza kuishusha kwa kuweka vipande vya chuma kati yake na chesisi, tuseme milimita 10. Lakini ukiishia hapo, mkia wa giaboksi nao umeshuka milimita 10, na pembe ya propela imebadilika. Viungo vya propela hutulia pale pembe ya mbele inapolingana na ya nyuma. Zikiachana, gari hutetemeka mara mbili kwa kila mzunguko wa propela, na dereva atausikia mtetemo huo vizuri akishika kasi Barabara ya Mombasa. Dawa ni kuweka bamba la milimita 10 zilezile chini ya maunti, giaboksi ibaki ilipokuwa. Pima pembe kabla na baada. Hata programu ya simu ya kupima mwinuko inasaidia.

Kukata krosimemba kuwe chaguo la mwisho. Ugumu wa boriti hutegemea kimo chake kuliko upana: ukipunguza theluthi moja ya kimo cha kipande cha mstatili, ugumu uliobaki haufiki hata theluthi. Aliyekata lazima achomelee chuma cha kuziba pengo lile, si kupaka rangi tu.

Nafasi iwe kiasi gani? Bomba la chuma la mita 2 likipata joto la nyuzi 400 hurefuka karibu milimita 9, na injini nayo huyumba dereva anapokanyaga mafuta. Mimi huacha inchi nzima.

Kisha pakia mzigo, panda mlima, rudi uchungulie chini. Ukiona doa linalong'aa kwenye bomba au krosimemba, bado vinagusana. Legeza bolti uanze tena.