Je, Wajua? Herufi tatu huumbua darubini

Tuseme mtu pale Nyamiaga, Ngara, anakuuzia darubini ya macho mawili, akiapa iliachwa na askari wa Kijerumani Wabelgiji walipoiteka Biharamulo, Juni 1916. Usibishane naye, soma maandishi yake.

• Darubini ya kijeshi ya Kijerumani ya Vita Kuu ya Kwanza mara nyingi imechongwa "Fernglas 08", pamoja na jina kamili la kiwanda, kama Carl Zeiss Jena au Goerz Berlin.

• "Dienstglas 6x30" ni ya jeshi la Hitler: hukuza mara 6, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 30.

• Wakati wa Vita Kuu ya Pili, majina ya viwanda yalifichwa kwa herufi ndogo tatu: "blc" ni Zeiss wa Jena, "beh" ni Leitz wa Wetzlar, "cag" ni Swarovski wa Austria.

Basi ukikuta "blc", darubini yaweza kuwa halisi kabisa, ila hadithi yake ya Biharamulo ni ya uongo: bendera ya Kijerumani ilishushwa huko zaidi ya miaka 20 kabla herufi hizo hazijabuniwa.