Uzito wa risasi za bastola na biashara inayouzunguka

Kila boksi la risasi za bastola linalouzwa Marekani huandikwa namba mbili: kipenyo, na uzito wa kichwa cha risasi kwa greini. Uzito huo ni wa kichwa peke yake, yaani kipande kinachotoka mtutuni, bila ganda, baruti wala fataki. Gramu moja ni takriban greini 15.4. Kwa risasi ya milimita 9 iliyobuniwa na Georg Luger mwaka 1902, ambayo ndiyo inayotumika zaidi duniani, soko limegawanyika katika madaraja matatu: greini 115, 124 na 147, sawa na gramu 7.5, 8 na 9.5.

Kwa kuwa kipenyo cha mtutu hakibadiliki, kichwa kizito lazima kiwe kirefu zaidi. Urefu huo huingia ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti, huku shinikizo la juu linaloruhusiwa likibaki lilelile. Ndiyo maana risasi nzito huenda polepole. Ya greini 115 kwa kawaida hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde, na ya greini 147 kwa mita 300 hivi. Kasi ya sauti hewani ni takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo ile nyepesi hutoa mlio wake mkali angani na ile nzito haitoi. Wanaofunga vizuia sauti kwenye bastola zao huchagua greini 147 kwa sababu hiyo.

Sehemu kubwa ya mauzo hutokana na mazoezi ya shabaha, na huko bei ndiyo huamua. Vichwa 1,000 vya greini 115 vina uzito wa kilo 7.5 hivi, vya greini 147 vinakaribia kilo 9.5. Tofauti ya kilo mbili za madini ya risasi na shaba kwa kila vichwa elfu, kwa kiwanda kinachozalisha mamilioni, ni tani nyingi za malighafi. Aina nyepesi huuzwa kwa wingi, kwa faida ndogo kwa kila boksi. Aina nzito, hasa zenye kichwa chenye shimo kinachotanuka kikigonga, hupakiwa kwenye maboksi madogo na kuuzwa kwa bei ya juu zaidi.

Soko la polisi lilibadilishwa na tukio moja. Aprili 1986, maofisa wawili wa FBI waliuawa katika mapambano ya risasi mjini Miami. Uchunguzi ulionyesha kwamba risasi moja ya greini 115 ilipenya mkono wa mshukiwa, ikaingia kifuani na kusimama kabla ya kufika moyoni. FBI ikaweka kipimo kipya: risasi ipenye angalau sentimita 30 za jelatini maalumu. Viwanda vikakimbilia vichwa vizito. Mwaka 1990 Smith & Wesson na Winchester zikaleta sokoni risasi mpya ya kipenyo cha inchi .40 yenye kichwa cha greini 180, na idara nyingi za polisi zikainunua. Kadiri vichwa vya milimita 9 vilivyoboreshwa, faida ya ile kubwa ilipungua, na katikati ya miaka ya 2010 FBI yenyewe ikarudi kwenye milimita 9, ambayo ni nafuu na haipigi teke sana mkononi.

Wanamashindano ni wateja wenye hesabu yao. Kanuni za vyama vyao vya mashindano ya shabaha, USPSA na IPSC, huzidisha uzito kwa greini na kasi kwa futi kwa sekunde, kisha hugawa kwa 1,000. Daraja la chini hudai angalau 125. Greini 115 hufikia hapo kwa kasi ya futi 1,087, na greini 147 kwa futi 851 tu. Wengi huona msukumo wa ile nzito kuwa laini zaidi, kwa hiyo hukubali kuilipia.

Malighafi nayo inabadilika. California ilipiga marufuku risasi zenye madini ya risasi katika uwindaji kuanzia Julai 2019. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi kwa ujazo uleule, hivyo kichwa cha shaba tupu chenye uzito sawa huwa kirefu zaidi, na katika milimita 9 viwanda hubaki zaidi kwenye uzito mdogo.

Umiliki umejikusanya. Mwaka 2024 kundi la Czechoslovak Group lilikamilisha ununuzi wa chapa za Federal, CCI, Speer na Remington kwa zaidi ya dola bilioni 2. Winchester iko chini ya Olin tangu 1931, na Hornady hubaki ya familia. Zote hulipa kodi ya asilimia 11 ya mauzo, ambayo sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 huielekeza kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Afrika Mashariki hali ni tofauti: viwanda vya Eldoret na Mzinga, Morogoro, ni mali ya dola.

Kwa mnunuzi, kigezo cha mwisho ni bastola yenyewe. Risasi nzito kwa kawaida hugonga juu kidogo ya nyepesi kwenye shabaha, na baadhi ya bastola hukwama kwa uzito fulani. Hivyo idara zinazonunua kwa jumla hujaribu kila uzito katika silaha zao kabla ya kusaini mkataba.